Wasiliana na Msimamizi

Kompyuta haikumtukana mwandishi wa makala haya. Ingemtukana, angejua pa kuanzia kujibu. Ilimfungulia kisanduku kidogo katikati ya kioo na kumweleza, kwa adabu zote za Kiingereza, kwamba jambo alilotaka kulifanya limesitishwa kwa sababu ya vizuizi vilivyowekwa kwenye mashine hiyo, na kwamba tafadhali awasiliane na msimamizi wa mfumo.

Msimamizi wa mfumo alikuwa yeye.

Nyuma yake walisimama vijana kumi na wanne wa kituo kimoja cha mafunzo ya kazi za hoteli huko Kiwengwa, Unguja, na mlangoni alikuwepo mama muuza vitumbua ambaye hakuwa na shughuli na kompyuta, ila alisikia kwamba leo kuna maonyesho. Maonyesho yalikuwepo kweli. Dakika kumi kabla, mwandishi alikuwa amewatolea vijana hao hotuba ndefu kuhusu nidhamu ya mashine, akamalizia kwa kuwaambia kwamba kuanzia siku hiyo kompyuta zitajua nani ni nani. Wiki tatu zimepita. Mama wa vitumbua akimwona anashuka kwenye gari ya abiria ya njia ya 117 bado humwamkia, "Hujambo, msimamizi?" na kumwongezea kitumbua kimoja cha bure, kama mtu anayetoa pole msibani.

Vizuizi vyenyewe havikuwekwa kwa uchoyo. Kompyuta za kituo ni kumi na moja, zote za mezani, zenye vioo vya kisogo kirefu kama televisheni za zamani, sadaka ya hoteli moja iliyokuwa ikibadilisha vifaa vyake. Zinaendeshwa na Windows 98, na zimeungwa kwa nyaya na seva ya Windows NT 4.0 inayokaa chumba cha nyuma, imefunikwa khanga kuikinga na vumbi. Microsoft iliacha kuishughulikia Windows 98 tarehe 11 Julai 2006, na NT ilikwishaachwa tangu mwisho wa 2004, lakini habari hizo hazikufika Kiwengwa, au zilifika zikakuta watu wana kazi. Programu ya mapokezi ambayo kituo kinafundishia haikubali kukaa kwenye kompyuta mpya. Na kijana akishaweza kumpangia mgeni chumba na kumtolea hesabu kwa mashine mbovu, kwa nzuri hatashindwa.

Taabu ni kwamba Windows 98 ni nyumba isiyo na milango. Yeyote aliyekaa mbele yake anaweza kufuta faili lolote, hata yale yanayoifanya kompyuta iwake. Vijana hawakuwa wabaya. Walikuwa na umri wao tu. Mmoja aliukamata upau wa chini ya kioo kwa mausi, akauvuta juu mpaka ukameza nusu ya kioo. Mwengine alitia neno la siri kwenye ile picha inayocheza kompyuta ikipumzika, kisha akaenda zake Pemba harusini wiki nzima. Printa ilifutwa mara tatu. Folda ya programu ya mapokezi ilipotea, ikaja kuonekana ndani ya folda nyengine iliyopewa jina la "Simba na Yanga". Mkuu wa kituo, mwalimu mstaafu, akamwita mwandishi pembeni.

"Mwanangu, wewe si unayajua mambo haya? Hebu zitie adabu."

"Hilo dogo, mama."

Hapa msomaji avumilie, kwa sababu kilichofuata hakichekeshi mpaka ieleweke kompyuta hizi hutiwa adabu vipi, na kusema kweli namna yenyewe ni ya ajabu.

Kwenye CD ya Windows 98, ndani ya folda iliyo ndani ya folda iliyo ndani ya folda nyengine (tools, kisha reskit, kisha netadmin), ilifichwa programu iitwayo poledit. Haijiweki yenyewe kwenye kompyuta. Ni lazima uifuate huko iliko. Kazi yake ni kuandika sera. Visiwani neno sera limezoeleka wakati wa uchaguzi, likipigiwa spika juu ya gari na kusahauliwa baada ya kura. Sera ya poledit ni faili dogo liitwalo CONFIG.POL, na lenyewe halisahauliki, kama itakavyoonekana.

Ukianza faili jipya, poledit inakuletea picha mbili tu: kompyuta, na mtu asiye na sura. Mtu huyo ana jina la Kiingereza ambalo wataalamu wa istilahi wangeliita mtumiaji chaguo-msingi. Mwandishi alimwita Yeyote, na jina likamkaa. Ukimbofya Yeyote vinafunguka vitabu vidogo vidogo, na ndani ya kila kitabu mna makatazo: mwondolee Yeyote amri ya kutafuta, mfichie Yeyote diski, mnyime kubadilisha rangi ya kioo, mzuie asiiguse rejista, lile daftari kuu ambamo Windows huandika kila inachokijua kuhusu nafsi yake. Kuna hata katazo moja la kukata mzizi kabisa: Yeyote asiendeshe programu ila zile zilizoandikwa majina yake hapa.

Faili likikamilika hupelekwa kwenye seva, kwenye folda iitwayo NETLOGON. Tangu hapo, kila mtu anapoandika jina lake na neno lake la siri asubuhi, kompyuta aliyoikalia hukimbilia kwenye seva, hulisoma faili na kumtafuta humo. Jina likiwemo, hupewa fungu lake mwenyewe na hakuna mwengine wa kumsemea. Lisipokuwemo, basi huyo ni Yeyote. Hakuna fundi wa kutembea mashine hadi mashine na bisibisi. Amri inatoka chumba cha nyuma, chini ya khanga, na kompyuta kumi na moja zinasema labeka. Mwandishi alikaa usiku mzima akizitazama zile hatua zinavyofuatana, kama mtoto aliyefunguliwa saa ya ukutani akaonyeshwa magurudumu yake, na ndivyo alivyopofuka.

Alitia alama kila kisanduku alichokiona. Kutafuta, marufuku. Rejista, marufuku. Diski, zifichwe. Amri ya kuzima kompyuta nayo aliiondoa, kwa hoja ambayo leo haikumbuki. Programu zilizoruhusiwa aliandika mbili: Word, na ile ya mapokezi. Akahifadhi faili, akatoka, akaingia upya kwa jina lake mbele ya vijana ili waone jinsi msimamizi atakavyobaki huru.

Jina lake hakuwa ameliandika.

Kompyuta ilimtafuta, haikumwona, ikamfanya Yeyote. Amri ya kutafuta ikatoweka. Diski C ikatoweka. Akaifuata poledit ili arekebishe, lakini poledit haikuwa miongoni mwa programu mbili za halali, na hapo ndipo kile kisanduku cha adabu kilipojitokeza. Akajaribu rejista. Wasiliana na msimamizi. Akahamia kompyuta ya pili, kwa imani kwamba kosa ni la ile ya kwanza, nayo ikamsomea faili lile lile. Ya tatu vivyo hivyo. Mwenye akili angesimama hapo. Mwandishi aliendelea mpaka ya kumi na moja, kwa tumaini la mtu anayepapasa mfuko mmoja mara ya tano akitafuta ufunguo. Vijana walimfuata kimya kimya kutoka meza hadi meza, kama wanaosindikiza jeneza.

Ya kumi na moja aliamua kuizima, na amri ya kuzima haipo. Akachomoa waya ukutani, akauchomeka tena, na kompyuta ilipoamka ikamkaripia: kwa kuwa haikuzimwa ipasavyo, huenda diski ina makosa, ili usiuone tena ujumbe huu, siku zote izime kompyuta kwa amri ya kuzima iliyomo kwenye menyu ya kuanzia. Kijana mmoja alimtafsiria mama wa vitumbua kwa sauti.

"Sasa amri yenyewe iko wapi?" mama akauliza.

"Kaiondoa."

Ilibaki seva. Seva haikufungika, kwa sababu CONFIG.POL ni la Windows 95 na 98 peke yake. NT ina faili lake, NTCONFIG.POL, na hilo mwandishi hakuwahi kuliandika. Akaingia chumba cha nyuma, akafunua khanga, akalifuta faili lake mwenyewe, akarudi darasani na uso wa mtu aliyekata kamba. Akaingia kwa jina lake.

Wasiliana na msimamizi.

Kwenye ufukwe wa Kiwengwa kuna akina mama wanaowachora watalii hina na piko. Mtalii anaondoka na maua mkononi, na baada ya wiki mbili, yuko kwao, maua yamefutika. Mambo ya chale ni mengine: wembe ukishapita, hata mganga akifa, alama inabaki. Sera za Windows 98 ni chale. Kompyuta ikishalisoma faili, inakwenda kuyaandika makatazo ndani ya rejista ya mtumiaji, kwenye faili liitwalo USER.DAT, na kuanzia hapo CONFIG.POL halina tena kazi. Lifute, lichome, makatazo yamekwishaingia mwilini. Ilibidi ingojewe Windows 2000, iliyotoka Februari 2000, ndipo sera zikawa hina: aliyeziandika akiziondoa, kompyuta nayo inajisafisha. Mwandishi aliyajua haya yote. Aliyasoma. Aliyakumbuka sekunde moja baada ya kulifuta faili.

"Maalim, samahani," akasema binti mmoja wa safu ya nyuma. "Ukibonyeza ile ya juu kushoto?"

"Ipi?"

"Esc. Pale inapokuuliza jina."

Akabonyeza Esc. Kompyuta ikafunguka mbele yake kama mlango wa pazia, na kila kitu kimo: diski, amri ya kutafuta, poledit yenyewe.

Kile kisanduku cha Windows 98 kinachokuuliza jina na neno la siri si mlango. Ni karibu. Kompyuta inataka kujua wewe ni nani ili ikupangie meza yako ulivyoizoea na ikuunge na seva. Ukikataa kujitambulisha haikufukuzi, inakuingiza bila jina, bila mtandao, na kwa hivyo bila sera. Lipo katazo la kuuziba mwanya huo, lakini halimo kwa Yeyote, limo kwenye ile picha ya pili, ya kompyuta, ambayo mwandishi hakuifungua kabisa kwa sababu mawazo yake yote yalikuwa kwa watu. Na hilo nalo lina upenyo: kompyuta inapowaka ukibonyeza F8 ukachagua njia ya usalama, unapita ubavuni.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna, Maalim. Sisi tunafanya hivyo tangu Ramadhani." Darasa zima likacheka, na mama wa vitumbua akacheka bila kujua Esc ni nini.

Dawa sasa ilikuwepo. Mwandishi akaandika faili jipya, safari hii akaongeza jina lake, akalitia kwenye disketi (maana bila jina hakuna mtandao), akaibeba mpaka chumba cha nyuma, akalinakili faili kwenye NETLOGON, akarudi, akaingia.

Wasiliana na msimamizi.

Visanduku vya poledit vina hali tatu. Ukikibofya mara moja kinapata alama. Tena, kinakuwa cheupe. Tena, kinakuwa cha kijivu. Alama maana yake ni kataza. Nyeupe ni ondoa katazo. Kijivu ni sina neno, mkute ulivyomkuta. Visanduku vya jina aliloliongeza vyote vilikuwa vya kijivu, na mwandishi aliviacha hivyo akidhani asiyekatazwa ameruhusiwa. Mbele ya kadhi, bi harusi akinyamaza huhesabiwa amekubali. Mbele ya Windows 98, kunyamaza ni kuacha mambo kama yalivyokuwa jana, na jana yake ilikuwa na chale. Alirudia safari ya disketi akiwa amebofya kila kisanduku, kimoja kimoja, mpaka vyote vikawa vyeupe. Alipopata uhuru wake, mwadhini wa magharibi alikuwa ameanza na vijana walikwishakwenda zao ufukweni kucheza mpira.

Njiani kurudi mjini alijiliwaza kwa historia. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifika mwaka 1965, Wizara ya Fedha, na ilipokuwa 1974, baada ya hasara na usumbufu, serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Hiyo ndiyo sera kuu ya vizuizi iliyowahi kuandikwa katika eneo hili: Yeyote, asiendeshe chochote. Na miaka hiyo hiyo Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi, ambapo Bara walisubiri televisheni yoyote ile mpaka 1994. Jamhuri moja, visanduku tofauti. Mwandishi alihesabu kwamba, ukilinganisha, yeye alizifunga kompyuta kumi na moja kwa mchana mmoja tu, na akajisamehe kabla gari haijafika Mahonda.

Jumatatu sera ilirudishwa, safari hii kwa kila mtu isipokuwa msimamizi, na mwanya wa Esc ukazibwa kwenye kompyuta zote isipokuwa mbili, zile ambazo walimu wenyewe husahau maneno yao ya siri. Ijumaa, kijana mmoja alikutwa akicheza karata. Mwandishi alitazama jina la programu: WINWORD.EXE. Lile katazo la programu zilizoruhusiwa linasoma jina tu, halitazami ndani. Mchezo wa karata ukiubatiza Word, unaingia kama Word. Askari anayekagua kitambulisho bila kuangalia uso amepata mwenzake.

Waliofichiwa diski C wakaifikia kupitia dirisha la kufungulia waraka ndani ya Word, ambalo halijui habari za mafichoni.

Mmoja alijitengenezea jina la msimamizi na kusahau neno lake la siri.

Kuhusu ile hitilafu maarufu ya Windows 95 na 98, ambapo kihesabio cha milisekunde hujaa kikifika 4,294,967,296, yaani siku 49 na saa 17, na kompyuta ikaganda, Kiwengwa haijawahi kuonekana. Hakuna kompyuta ya Unguja iliyokaa siku 49 bila umeme kukatika. Kisiwa hiki mwaka 2008 kilikaa gizani karibu mwezi mzima, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kama miezi mitatu, kwa ajili ya waya mmoja uliokuwa ukitoka Bara chini ya bahari.

Lakini lipo jambo ambalo mwandishi hakulicheka.

Kituo kina karani wa hesabu, mzee wa makamo, mpole, anayekaa pembeni na daftari lake. Jumatatu ile sera iliporudishwa alikuja kusimama mbele ya kompyuta ya nne akaigusa ubavuni, palipokuwa na alama ya gundi ya kibandiko kilichobanduliwa. "Hii naijua," akasema. "Nimeikalia miaka sita." Alikuwa mpokeaji wageni katika hoteli ile iliyozitoa. Mwandishi, kwa udadisi, akafungua folda ambamo Windows huweka majina ya waliowahi kuitumia. Majina ya hoteli yalikuwa bado yamo, hakuna aliyeyafuta: moja la uongozi, kwa Kitaliani, na moja la mapokezi. Mapokezi walikuwa watu wanane wa zamu tatu, wote wakiingia kwa jina hilo moja. Jina la uongozi halikuwa na katazo hata moja. La mapokezi liliruhusiwa programu moja.

"Kikokotoo nacho hamkuruhusiwa?"

"Kimo humu?" mzee akauliza.

Miaka sita. Mwanzoni aliomba kikokotoo, akaambiwa awasiliane na msimamizi, na msimamizi alikuwa Ulaya, akija mara moja kwa mwaka. Hesabu za wageni, lira na dola na baadaye yuro, akazifanya kwa kikokotoo alichokinunua Darajani kwa fedha yake. Wakati wote huo kilikuwemo ndani ya mashine iliyokuwa mbele yake, CALC.EXE, ambacho hakikumgharimu mtu senti, na hakuna hoja ya usalama iwezayo kuelezwa kwa nini mpokeaji wageni anyimwe kujumlisha. Hapakuwa na sababu. Mtu alitia alama kisanduku kimoja, akapanda ndege.

Kiwengwa wanamjua Yeyote kabla ya Windows. Kijana aliyezaliwa hapo, ambaye mama yake alilima mwani kwenye maji yale yale, akipita ufukweni mbele ya hoteli husimamishwa na askari: wewe nani, unakwenda wapi? Mtalii aliyeshuka jana usiku haulizwi. Ana bangili ya plastiki mkononi. Jina lake limo kwenye faili. Vijana hawa wanajua Kitaliani cha kuuzia tingatinga na Kiingereza cha kuombea kazi, wanajua kila pengo la kila ua na kila Esc ya kila mashine, na wanayajua kwa sababu hawakuandikwa. Mwandishi alikuwa amesimama mbele yao na kuwaahidi kwamba kompyuta sasa zitajua nani ni nani.

Mzee aliinama kwenye kioo, akaingia kwa jina lake la kituo, akajaribu kukifungua kikokotoo kwa mara ya kwanza. Kisanduku cha adabu kikatokea. Akakisoma chote pole pole, kisha akamgeukia mwandishi.

"Na wewe pia, mwanangu?"

Orodha ilikuwa na programu mbili, Word na ya mapokezi. Mwandishi hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu atataka kikokotoo. Akaahidi kukiongeza siku ya pili.

Siku ya pili kompyuta ya kwanza, ile ya dirishani, ya pekee yenye poledit, haikuwaka. Walipoifungua walikuta hewa ya bahari imeila kutu mpaka kwenye diski. CD ya Windows 98 mwandishi alikuwa ameisahau kwenye kiti cha gari ya 117 jioni ya ule mkasa, ndani ya mfuko wa embe. Kwa hivyo sera iliyopo sasa Kiwengwa haiwezi kurekebishwa na mtu yeyote, akiwemo aliyeiandika.

Mzee ana njia mbili. Anaweza kukaa kwenye moja ya zile kompyuta mbili, akabonyeza Esc, akapata kikokotoo, lakini hapo anakosa mtandao, na programu ya mapokezi haifunguki bila seva. Au aingie kwa jina lake, apate programu, akose kikokotoo. Vijana wamemwambia njia ya tatu: wakibatize kikokotoo WINWORD.EXE, kitapita. Mzee amekataa. Anasema amengoja miaka mingi, na akikipata anataka kiitwe kikokotoo.

Aliyeokota mfuko wa embe kwenye gari ya 117, Alhamisi ya wiki tatu zilizopita, embe alale nazo salama. CD amkabidhi kondakta yeyote wa njia hiyo, aiache kwa mama wa vitumbua.